Bima ya Machi, Hasara ya Desemba

Ajali haina kinga, walisema wahenga, na hakuna mfanyabiashara wa Kianyaga atakayewapinga. Lakini, mpenzi msomaji, ajali ikishapita huja swali jingine: nani atalipa? Hilo ndilo nataka tuzungumze leo, hasa na wewe uliyeketi Umoja au Zimmerman na gazeti lako, ambaye huenda karo yako ilitoka katika duka dogo la mzazi huko nyumbani.

Kwa wasioufahamu, Kianyaga ni mji mdogo wa Kaunti ya Kirinyaga, katika miteremko ya Mlima Kenya. Juu yake kuna majani chai, kandokando yake kahawa, na baridi yake si ya mchezo. Kuanzia Juni hadi Agosti ukungu hushuka, na kuna siku ambazo jua halionekani kutwa. Biashara za huko zina misimu miwili mikubwa. Wa kwanza ni huo wa baridi. Wa pili huanza mwezi wa Oktoba hivi, bonasi ya majani chai inapolipwa na kahawa inapovunwa kwa wingi, ukaendelea hadi Krismasi na kufunguliwa kwa shule Januari.

Shangazi yangu amefuma na kuuza sweta za shule mjini humo kwa zaidi ya miaka ishirini. Hebu itazame biashara hiyo. Machi duka lake huwa na sweta chache na nyuzi kidogo. Mei hununua nyuzi kwa wingi kwa ajili ya baridi. Novemba hukopa kwenye chama na kununua tena, maana Januari kila mzazi hutaka sweta siku moja. Kwa hivyo mali yake huwa nyingi zaidi wakati ule ule ambapo hatari nazo ni nyingi: jiko la makaa dukani wakati wa baridi, nyaya za umeme zilizolemewa, na wezi wanaojua kwamba Desemba watu wana pesa.

Usiku mmoja wa Desemba 2022 moto ulizuka katika hoteli iliyopakana na duka lake. Majirani waliuzima kwa ndoo za maji kabla haujaenea, na tunamshukuru Mungu hakuna aliyeumia. Hata hivyo, moshi na maji vilikuwa vimepenya, na sweta zilizopangwa tayari kwa ajili ya Januari zilikuwa nyeusi na zenye kunuka. Tulipohesabu, hasara ilifika shilingi 200,000. Shangazi hakulia. Alikuwa na bima ya moto aliyoilipia tangu Machi, na risiti alikuwa nayo.

Fidia ilipokuja ilikuwa shilingi 90,000.

“Kijana wangu,” alimwambia wakala wa kampuni, “mimi nililipa pesa zote mlizoniambia. Hizo nyingine zimeenda wapi?”

“Hazijaenda popote, mama,” wakala alijibu kwa upole, akafungua mkataba na kutuonyesha sehemu moja iliyoandikwa kwa herufi ndogo.

Naam, msomaji, sehemu hiyo ndiyo sababu ya makala haya. Machi shangazi alikuwa ameandikisha mali ya shilingi 300,000, na wakati huo ndiyo iliyokuwamo dukani. Desemba mkaguzi wa hasara alipopiga hesabu kutoka kwa vitabu vyake, alikuta kwamba usiku wa moto mlikuwa na mali ya shilingi 600,000. Basi kampuni ikasema: umelipia nusu ya mali, kwa hivyo nusu ya hatari uliibeba mwenyewe. Nusu ya 200,000 ni 100,000. Kisha wakatoa 10,000, ile sehemu ya kwanza ya hasara ambayo kwa mkataba ule hubebwa na mwenye mali.

Wengi hudhani kwamba mtu aliyeandikisha 300,000 akipata hasara ya 200,000 atalipwa yote, maana haijapita kiasi alichoandika. La hasha. Kanuni hii ya kupunguza fidia ni ya zamani, na imo katika mikataba mingi ya bima ya moto. Nami nilikasirika, hadi nilipofikiria wafanyabiashara wawili wenye mali sawa, mmoja amelipia yote na mwenzake amelipia nusu. Wakiungua sawasawa na kulipwa sawasawa, yule wa kwanza atakuwa ameonewa.

Haki au si haki, deni la chama lilibaki pale pale. Binamu yangu, aliyekuwa mwaka wa pili chuoni, alikaa nyumbani muhula mzima akimsaidia mama yake kufuma upya. Wakati huo wote, mkataba uliokuwa na maneno yale ulikuwa ndani ya sanduku chini ya kitanda, na hakuna mtu wa nyumba ile aliyekuwa ameambiwa ausome.

Dawa yake haina siri. Kabla ya kila msimu, mwenye duka amwone wakala aongeze thamani iliyoandikishwa, na aulize kama nyongeza hiyo inaweza kuwa ya miezi michache tu. Ada itapanda, lakini si sawa na kulipia kiwango cha Desemba mwaka mzima. Ahakikishe pia kwamba nyongeza imeandikwa na imelipiwa kabla mali haijashushwa kwenye gari. Sheria ya Bima ya Kenya, Sura ya 487, katika kifungu cha 156, inakataza kampuni kubeba hatari kabla ya kupokea malipo. Ahadi ya “nitalipa bonasi ikitoka” haimlindi mtu hata kwa usiku mmoja.

Kuna mambo mengine ambayo msimu huyafichua. Bima ya wizi kwa kawaida hudai dalili za kuvunja: kufuli iliyokatwa, dirisha lililong'olewa. Kijana uliyemwajiri kwa wiki mbili za Krismasi akiondoka na mauzo ya siku, hilo ni jambo jingine na lina bima yake. Vilevile, duka likifungwa kwa muda mrefu bila mtu, baadhi ya mikataba husita kulipa. Uliza ni siku ngapi.

Ghasia nazo usizisahau. Baada ya uchaguzi wa Desemba 27, 2007, wafanyabiashara wengi waliochomewa maduka waligundua kwamba bima yao ya moto haikuhusu ghasia za kisiasa. Juni 25, 2024, katika baridi ya katikati ya mwaka, maandamano dhidi ya Mswada wa Fedha yaliandamana na uporaji wa maduka katika miji kadhaa, Nyeri ukiwa mmojawapo. Hatari hiyo mara nyingi hununuliwa kando, kwa ada yake. Uchaguzi mkuu wa Agosti 2027 umewekwa katika msimu huo huo wa baridi, na afadhali kuuliza mapema.

Kuhusu jiko, nitasema bila kuzunguka. Makaa yanapowaka ndani ya chumba kilichofungwa hutoa hewa yenye sumu isiyo na harufu, na mtu husinzia asiamke. Hakuna fidia inayomrudisha. Acha dirisha wazi, na jiko litoke nje kabla ya kufunga duka. Na kama umeajiri mafundi wa msimu, fahamu kwamba sheria ya fidia ya wafanyakazi ya 2007 inamtaka mwajiri awakatie bima wanaoumia kazini. Udogo wa duka si kisingizio.

Najua wazee watasema kampuni za bima ni wezi. Wana kumbukumbu zao. Mwaka 1996 kampuni ya Kenya National Assurance, iliyokuwa ya serikali, iliwekwa chini ya ufilisi, na wateja wengi wakaachwa wakihangaika. Lakini tangu siku hizo mambo yamebadilika kiasi. Mfuko wa kuwafidia wateja wa kampuni zilizoanguka uliundwa mwaka 2004, na halmashauri ya kusimamia bima, IRA, hutoa orodha ya kampuni na mawakala wenye leseni. Kabla ya kutoa hata shilingi moja, tafuta jina la kampuni katika orodha hiyo. Na ukiona umedhulumiwa, malalamiko hupelekwa huko huko.

Siku hizi shangazi huhesabu mali yake mara mbili kwa mwaka, Mei na Novemba. Binamu yangu hupiga picha kurasa za daftari, risiti za nyuzi na rafu zenyewe, kisha hunitumia Nairobi nizihifadhi, kwa maana daftari lililoungua pamoja na duka halimshawishi mkaguzi yeyote. Halafu humpeleka wakala jumla mpya. Shughuli yote huchukua asubuhi moja.

Ndiyo maana nimekuandikia wewe, kijana uliyesoma. Mama yako anajua kufuma, kupika, kuuza na kudai madeni. Huenda hana nafasi ya kusoma kurasa kumi na mbili za herufi ndogo, na wakala hatamsomea. Jumapili hii ukimpigia simu, baada ya kumjulia hali, muulize maswali mawili: mali iliyomo dukani leo ni ya shilingi ngapi, na mkataba unasema ngapi? Akikuambia hajui, mwombe akutumie picha za mkataba, ukae nao usiku huu.