Samaki wakiwa wengi, tunasahau

Sisi watoto wa Kinkondja tulikomaa kando ya ziwa Kisale, kati ya wavuvi. Mbele misioni haijafika, babu zetu walikwisha kumjua Mungu. Katika Kiluba tunamwita Leza ao Vidye. Basi, kumwacha na kumrudilia ni mambo yetu ya tangu zamani.

Samaki wakiwa wengi, feza inapatikana, pombe inaongezeka, na siku ya Mungu viti vya kanisa vinabaki wazi. Kolera ikiingia katika kambi za wavuvi, wote tunarudi mbio. Mama mmoja mzee alituuliza: "Batoto, Mungu iko munganga wa kolera tu?"

Kumwacha huko kunaweza kufika mpaka damu. Katika fujo za Novemba 1960, wamisionari wawili, Elton Knauf na Teddy Hodgson, aliyehubiri miaka mingi kwa wavuvi wa hapa, waliuawa. Lakini sala haikukufa: wachungaji wa kwetu waliifuatisha kazi.

Sisi wenyewe tuligombana na jirani juu ya wavu. Miaka miwili, hata jambo hatukupeana. Kolera ilipoingia kwake, tulipiga magoti kwetu tukiomba isivuke uzio. Baba akatuinua: "Muende kwanza kule."

Tulimpelekea maji ya kuchemsha. Alitufungulia mlango, akalia. Ile siku tulifahamu: anayerudi kwa Mungu bila kupita kwa mwenzake, hajafika bado.