Kibaraza cha Mpiga Chapa

Wamekivunja kibaraza cha mpiga chapa pale Utemini. Nimeambiwa zitajengwa fremu za maduka, na bila shaka mojawapo itakuwa ya wakala wa fedha. Sina ugomvi na fremu. Lakini makandarasi wa Singida wa rika langu walijengewa majina kwenye kibaraza kile kabla wao hawajamjengea mtu hata choo, na vijana niliowakuta wakipakia matofali kwenye toroli hawakuwa na habari.

Nilikuwa karani wa mkandarasi mdogo. Tangazo la zabuni tulilipata kwenye Uhuru au Daily News, gazeti likitufikia limeshachoka na safari, au tulilisoma ubaoni kwenye ofisi za serikali. Mwajiri wangu akinunua makabrasha na kwenda kukagua kiwanja, alirudi na hesabu zake kwenye daftari la shule, na kazi yangu ilikuwa kulipeleka kibarazani.

Mpiga chapa alivaa shati jeupe lenye mikono mirefu hata jua likichoma. Alipanga karatasi na kaboni kwa zamu, akazigonga mezani mpaka kingo zikalingana, ndipo akazizungusha kwenye mashine. Akikosea herufi aliikwangua kwa ncha ya wembe, taratibu, akapuliza unga wake, akapiga upya. Akikosea tarakimu ya bei hakukwangua. Alichomoa karatasi zote akaanza ukurasa mwanzo, kwa sababu, alivyosema, bei iliyokwanguliwa inanuka hata kama imekwanguliwa kwa nia njema. Kazi ikiisha alizichomeka kwenye bahasha ya kaki, akawasha kibatari na kuyeyusha lakiri nyekundu juu ya mkunjo. Harufu ile ya lakiri, mafuta ya taa na wino wa mhuri ndiyo ninayoikumbuka kuliko sura za wahandisi wote niliowahi kuwapelekea bahasha.

Mji ulikuwa mdogo, mashine nzuri chache, kwa hiyo wazabuni watatu au wanne wa kazi moja tulikutana kwenye benchi lake. Alizijua bei zetu zote kabla ya bodi ya zabuni kuzijua. Walimjaribu kwa soda, kwa kuku, kwa bahasha nyingine zisizohitaji lakiri. Hakutoa hata shilingi ya siri ya mtu. Alichojiruhusu ni swali moja tu. Mzabuni akileta bei ya saruji isiyokuwepo duniani, mzee alisimamisha vidole na kusema, "Hii saruji unainunua wapi, mwanangu, nami nikachukue mifuko miwili?" Benchi zima lilisikia. Wengine walichukua daftari wakaenda kuhesabu upya. Wengine walikasirika, wakashinda zabuni, na majengo yao yakasimama kwenye lenta. Kulikuwa na mmoja ambaye kila kazi yake iliishia hapo, mpaka watu wakawa wanampa shikamoo ya lenta.

Jina lilitengenezwa hivyo. Atakayeingia Singida kwa barabara yoyote atapokewa na mawe, makubwa kuliko nyumba, na yale yanayoonekana ni nusu tu. Mengine yako chini yakisubiri jembe la mchimba msingi. Mwajiri wangu alizunguka kiwanja na mtaimbo akidunga huku na huku, akisikiliza. Kwenye kipengele cha kuchimba mwamba aliandika bei ya kweli, ingawa ilimpandisha juu ya wenzake. Wajanja waliandika senti kidogo mahali hapo, wakashinda, na wakifika futi tatu chini wakaanza kuandika barua za nyongeza. Mhandisi mmoja wa serikali alituambia wazi kwamba akipewa kabrasha hufungua kwanza ukurasa wa uchimbaji, ndipo arudi kwenye jumla. Pale alijua nani amefika kiwanjani na nani amehesabu akiwa amekaa kitandani.

Na muda vilevile. Mvua zetu ni za Desemba hadi Aprili, na kabla ya lami lori la saruji kutoka Dodoma lingeweza kulala njiani hadi dereva afahamike kijiji kizima. Aliyeahidi kumaliza shule ndani ya miezi hiyo bila siku ya kupumua alikuwa mgeni au mwongo. Tulishindwa zabuni nyingi kwa kusema ukweli huo. Tulipata nyingine kwa sababu hiyo hiyo, kutoka kwa watu wale wale waliokuwa wametunyima.

Nimetazama miaka mambo yalipobadilika: Bodi ya Usajili wa Makandarasi ni ya sheria ya 1997, sheria za ununuzi wa umma zikaja 2001, tena 2004, tena 2011, tena 2023. Haya. Kompyuta ilipoingia, mzee aliendelea kupiga barua za maombi ya kazi na mikataba ya viwanja, kisha macho yakamwacha. Baadaye madarasa na zahanati, kazi zilizomlea kila mkandarasi mdogo, zikapewa mafundi wa mtaani chini ya kamati kwa utaratibu wa fosi akaunti. Sasa kijana anaulizwa uzoefu wa kazi ambazo hakuna anayempa.

Siku hizi kila kitu ni NeST, mfumo wa zabuni wa mtandaoni, tangu 2023. Ina faida, nisiwe mchoyo: bahasha haipotelei tena kabatini mwa mtu, na kijana wa Utemini hapandi basi usiku kucha kuwahi sanduku la zabuni la Dar es Salaam. Lakini nionyeshwe mapendekezo yanayopakiwa humo! Nililetewa moja nilipitie, la madarasa ya hapa hapa Singida. Sehemu ya mbinu za utekelezaji iliahidi mashine za kuvuta maji ya bahari yakijaa msingi. Maji ya chumvi tunayo, Ziwa Singidani lipo pale, ila halijai wala halipwi. Mtu alinakili kazi ya Pwani akabadilisha jina la mkoa, akasaini.

Mwenye pendekezo hilo ni mpwa wangu, kampuni yake ni daraja la saba. Nilimpa mtaimbo, tukaenda kiwanjani, tukagonga mwamba hata hatujatoka jasho. Nikamwambia aandike bei ya mwamba.

"Mjomba, nikiweka hiyo nashindwa."

"Shindwa."

Aliniona mzee wa zamani. Bado alikuwa na siku mbili kabla ya mfumo kufunga, akazitumia kunibembeleza nikubali nusu ya bei. Sikukubali. Sijui jinsi nyingine ya mkandarasi kujulikana kwa watu watakaomwita tena mwakani, isipokuwa akubali kwanza kukosa kazi ya mwaka huu kwa bei anayoweza kuitetea mbele ya shimo.

Alituma anayoijua yeye.