Safari ya Gombe: Tulipofikia na Maswali ya Wazazi



Sifa zote njema anastahiki Allah, Muumba wa ardhi na vyote vitembeavyo juu yake, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), ahli zake na maswahaba zake. Ama baada ya hayo, wanafunzi wetu wapenzi na wazazi wetu watukufu, tumeombwa na wahariri tueleze ilipofikia safari ya kwenda kuwaona sokwe wa Gombe, kwani maneno mitaani yamekuwa mengi kuliko fomu za idhini zilizorudishwa.

Kwanza ifahamike kuwa Gombe si mbali. Ni kama kilometa 16 kaskazini mwa mji wa Kigoma, na mtu hufika kwa njia ya ziwa tu, kwa kuwa hakuna barabara ya gari inayoingia hifadhini. Wageni hupanda ndege mbili au tatu kutoka Ulaya na Marekani, wakapita hapa Ujiji kuangalia mnara wa Livingstone, wakaendelea na safari yao kwenda kuwaona sokwe. Sisi tuliozaliwa hapa tunafikisha miaka thelathini na kitu hatujamwona sokwe ila kwenye kalenda. Katika walimu sita wa madrasa yetu ni mmoja tu aliyewahi kukanyaga Gombe, naye alikwenda kupeleka mzigo wa saruji!

Msitu huo ulitengwa kuwa pori la akiba mwaka 1943 na ukawa Hifadhi ya Taifa mwaka 1968. Jane Goodall, mwanamke wa Kiingereza aliyefariki Oktoba 2025, alifika hapo Julai 1960 akiwa na miaka 26, pamoja na mama yake, kwa sababu serikali ya wakati ule haikukubali msichana akae porini peke yake. (Wazazi wenye mabinti bila shaka wataielewa serikali ile.) Mwaka huo huo alimwona sokwe dume aliyempa jina la David Greybeard akichomeka ujiti katika kichuguu na kuwatoa mchwa ili awale. Kabla ya hapo wataalamu walikuwa wakifundisha kuwa ni binadamu peke yake atengenezaye zana.

Lakini liko jambo ambalo wanafunzi wetu hawaambiwi mara nyingi, nasi tumetaka walijue kabla ya kwenda. Mwezi Mei 1975 waasi wenye silaha walivuka ziwa kutoka Zaire usiku na kuwateka watafiti vijana wanne wa kigeni. Waliachiwa baadaye, lakini watafiti wa kigeni wakaondolewa, na kazi ya kuwafuata sokwe kila siku ikabaki mikononi mwa wenyeji. Miongoni mwao walikuwamo Hilali Matama, Hamisi Mkono na Eslom Mpongo, majina ambayo msomaji wa jarida hili hatayaona mageni. Waliandika kwa Kiswahili: sokwe yupi kaamka wapi, kala nini, kapigana na nani. Sehemu kubwa ya elimu inayosomwa leo katika vyuo vikuu vya dunia ilianzia kwenye karatasi hizo, kwa mkono wa watu wa mwambao huu huu wa ziwa. Kwetu sisi hiyo peke yake ni sababu tosha ya safari.

Sasa tuje kwenye maswali ya kikao cha wazazi.

Mama mmoja aliuliza, mbele ya wote, kama ni kweli kwamba sokwe wa Gombe aliua mtoto. Ni kweli, na tuliona si haki kumficha. Mwaka 2002 dume mmoja aliyeitwa Frodo alimnyakua mtoto mchanga ndani ya hifadhi na kumuua. Sokwe huwinda mbega wekundu na kula nyama yao, na kwa mnyama wa namna hiyo kitoto kidogo cha binadamu hakitofautiani sana na windo. Ndiyo sababu watoto wadogo hawaruhusiwi kuwafuata sokwe msituni, na ndiyo sababu madarasa ya chini hayamo katika orodha yetu, pamoja na vilio vyote tulivyovisikia. Wanaokwenda ni 12 wa darasa la juu, wa kike sita na wa kiume sita. Hawatatembea peke yao hata hatua kumi. Mhifadhi atakuwa mbele na mwalimu nyuma.

Mzee mmoja naye alisema, "Ustadh, mnawapeleka watoto wakawaangalie watu waliolaaniwa?" Akikusudia kisa cha watu wa Sabato waliogeuzwa manyani. Jambo hili limezoeleka sana, na wanafunzi wengi wanalo vichwani. Jibu lake limo katika Sahihi Muslim, ambako imepokewa kutoka kwa Mtume (s.a.w.) kwamba waliogeuzwa hawakuachiwa kizazi, na kwamba manyani na nguruwe walikuwepo kabla yao. Hivyo basi sokwe wa Gombe si mjukuu wa mtu yeyote. Ni kiumbe wa Allah kama alivyo twiga.

Wapo pia walioogopa kwamba watoto watarudi wakisema binadamu ametokana na sokwe. Itikadi yetu kuhusu kuumbwa kwa Adamu (a.s.) inafundishwa darasani tangu mwaka wa kwanza, na mwanafunzi asiyeiweza kuishika mbele ya sokwe hataishika mbele ya mwalimu wa baiolojia pia. Hata hivyo kuna ufanano wa maumbile ambao hauna ubishi, na unatuhusu kwa sababu ya maradhi. Kikohozi chetu cha kawaida kinaweza kumuua sokwe. Mwaka 1966 ugonjwa wa kupooza ulioenea kwa watu wa mkoa huu uliwafikia sokwe wa Gombe, wengine wakafa na wengine wakabaki na viungo vilivyolemaa. Magonjwa ya kifua yamewaua zaidi ya mara moja tangu hapo. Sokwe waliobaki hapo hawafiki mamia mengi. Ni kama mia moja au pungufu, katika msitu mdogo uliozungukwa na vijiji na mashamba. Mtu mmoja mwenye mafua anaweza kuwa msiba kwao.

Kwa hiyo masharti ni magumu nasi tumeyakubali yote: barakoa usoni, umbali usiopungua mita 10, na saa moja tu tangu kuwakuta. Hakuna kula mbele yao, hakuna kutema mate, na mwenye homa au kikohozi haendi.

Kuhusu sala. Wanafunzi wawili walikuja wakifurahi kwamba watapunguza rakaa. Pole zao! Masafa ya kupunguza katika madhehebu yetu ni marhala mbili, ambazo wanazuoni wa leo wanazikadiria kuwa kilometa 80 na kidogo. Kutoka Ujiji hadi Gombe hatufikishi hata 30. Sala zote zitasaliwa kamili na kwa wakati wake, ufukweni au penye uwazi njiani. Kibla kutoka huku ni kaskazini ikiegemea kidogo mashariki, yaani karibu sawa na uelekeo wa boti wakati wa kwenda.

Boti ndiyo iliyotuchukulia muda mrefu kuliko yote. Boti za abiria zinazotoka Kibirizi ni nafuu, lakini huondoka mchana zikiwa zimejaa watu, magunia na matangi ya mafuta, na safari huchukua saa tatu au zaidi. Wapo wazazi waliosema hiyo inatosha, ndiyo tunayopanda siku zote. Hatukukubaliana nao. Miezi ya kiangazi upepo wa kusini huamsha mawimbi makubwa, na hatuko tayari kuwapakia watoto 12 wa watu juu ya magunia. Tutakodi boti yenye jaketi za kujiokolea kwa kila kichwa, na tutaondoka baada ya Alfajiri ziwa likiwa limetulia. Hili limepandisha mchango, tunalijua. Ada ya kuingia kwa Mtanzania, kwa upande mwingine, ni ndogo mno ukilinganisha na anayolipa mgeni.

Tutalala usiku mmoja. Sokwe hawana miadi na mtu. Huamka katika viota vyao juu ya miti na kwenda wanakotaka, na milima ile inaanzia ziwani, mita 770 hivi juu ya usawa wa bahari, ikapanda kupita 1,500. Siku moja inaweza kwisha bila kuwaona. Wasichana watalala vyumbani pamoja na ustadhati na mama wawili waliojitolea, wavulana katika mahema na walimu. Mzazi atakaye binti yake aende na kaka au baba, nafasi ipo kwa gharama zake. Yalitolewa maoni kwamba wasichana waachwe kabisa ili kupunguza mizigo. Wanne katika sita hao ndio waliofaulu vizuri zaidi mtihani wa mwaka jana, nasi tumesema safari bila wao haipo.

Tumechagua likizo ya mwezi wa sita kwa kuwa njia zimekauka. Tutakachokosa ni kuwaona wakivua mchwa, kazi wanayoifanya zaidi mvua zinapoanza. Mavazi: raba zenye meno, suruali chini ya baibui pana, rangi zilizofifia. Kanzu nyeupe zibaki nyumbani. Chakula tutabeba wenyewe, na kifungwe vizuri, maana nyani wa pale ufukweni ni wezi waliokubuhu.

Limebaki suala moja ambalo halijaisha. Mmoja katika wale 12 ana pumu, na kifua chake hubana mara kwa mara. Pumu haiambukizi, lakini mhifadhi atasikia kikohozi tu. Tumekubaliana na baba yake kwamba wiki moja kabla atapimwa zahanati apate maelezo ya daktari, na uamuzi utakuwa wa hifadhi, si wetu. Tulipomweleza kijana mwenyewe, alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Basi wakinikatalia, mniache ufukweni nilinde mikate na nyani."

Fomu zirudishwe kwa katibu kabla ya mwisho wa mwezi.

Wabillahi tawfiq.