Mtumbwi wa Viti Vitatu

Sisi wa Bukavu tunayajua mazoea ya wavuvi wa ziwa Kivu. Jua likishuka, huunga mitumbwi mitatu kwa miti mirefu, huwasha taa, huenda mbali gizani wakiimba, kuwatafuta sambaza. Samaki hao wadogo hawakuwamo zamani katika ziwa letu. Waliletwa toka ziwa Tanganika karibu na mwaka 1959. Mtoto wetu wa mwisho, mwenye miaka minne, amewatazama wavuvi hao mara nyingi.

Mangaribi moja nilirudi kazini nimechoka sana. Nikaketi, nikafumba macho. Mama yake alikuwa akitwanga sombe. Mtoto akaleta viti vitatu vidogo, akavifunga pamoja kwa mti wa ufagio na kitambaa cha mama yake. Kopo la maziwa likawa taa. Kikapu cha viazi kikawa wavu. Sakafu ikawa ziwa, na ole wake aliyeikanyaga!

Kisha akawaita watu wake. Nyanya akapewa kiti cha kati kwa heshima, dada yake cha mbele. Yeye mwenyewe akashika cha nyuma, amempakata paka. Paka akaruka majini, wala hakuzama.

Dada akauliza: "Na Baba je?"

Akajibu bila kunitazama: "Baba anabaki. Baba amechoka. Baba hapendi kelele."

Hakusema kwa hasira. Alisema kama mtu asemaye kwamba mvua inanyesha, na hilo ndilo lililonichoma. Maneno hayo aliyapata wapi? Kinywani mwangu. Kila siku namwambia: "Nyamaza, nimechoka, nenda kucheza nje." Mtoto huijenga michezo yake kwa yale ayaonayo na kuyasikia. Akicheza uvuvi, ni kwa kuwa amewaona wavuvi. Basi akicheza safari isiyo na baba, ameona nini?

Nikakumbuka Injili tunayosomewa kanisani. Bwana Yesu naye alichoka, akalala nyuma ya chombo, kichwa juu ya mto, hata katikati ya dhoruba. Lakini wenziwe walipomwita, aliamka. Mimi mwanangu hakuniita hata kidogo, alikwisha kuzoea.

Nikasimama. "Kapita, nafasi iko?"

Akanipima kwa macho. "Una nauli?"

Nikampa punje ya maharagwe. Akaichunguza vizuri, akaitia mfukoni. "Vua viatu, Baba. Shika kasia. Usilale, samaki watakimbia."

Kasia lilikuwa mwiko wa ugali. Nikaketi katika kiti chake, naye akapanda juu ya magoti yangu. Tukavua mpaka mama yake alipotuita kula.

Sisemi kwamba tangu siku ile sijamkemea tena, ningekuwa mwongo. Uchovu nao haujaisha. Lakini sasa nikirudi huvua viatu mlangoni, nikauliza kwanza kama ziwa limetulia.

Wazazi wenzangu, mchana kutwa tunahangaikia chakula cha watoto wetu, na ni wajibu wetu. Lakini jioni tuangalie pia kama kiti chetu kingalimo chomboni.