Mpaka Mlangoni

Kila mwaka shule zikikaribia kufungwa, mama yangu alitoa daftari la hesabu, lile la visanduku, akalaza rula na kuchora safu tatu: kitu, duka, bei. Safu ya kwanza ilijaa tukiwa bado Iringa. Kanga doti ishirini za walimu wenzake, mashuka ya mama mchungaji, viatu vya shule vya watoto wa jirani, sufuria za mwalimu mkuu. Safu mbili zilizobaki zilisubiri Kariakoo.

Mwaka 2001, nikiwa na miaka 11, alinichukua kwa mara ya kwanza. Tuliondoka alfajiri, tukateremka Kitonga nikiwa nimefumba macho, tukakatiza Mikumi nikitafuta tembo dirishani, na jua likielekea kuzama tukawa Ubungo. Tulilala kwa shangazi, Magomeni. Kesho yake tulizunguka Kariakoo kutwa nzima: Kongo, Msimbazi, Aggrey, tukarudi tena Kongo. Kila duka mama aliuliza, akashika, akashukuru, akatoka. Akipata kivuli anafungua daftari na kuandika. Miguu iliponiuma nikamuuliza mbona hatununui kitu.

"Leo tunazisalimia bei," akasema. "Kununua ni kesho."

Hiyo kesho ilipofika, muuza kanga mmoja alitaja 3,500 kwa doti. Mama hakubisha. Alichomoa kanga moja kwenye rundo, akalowesha kidole kwa mate, akasugua pindo taratibu kama mtu anayefuta doa, kisha akakigeuza kidole kwenye mwanga. Kilikuwa chekundu. Akaikunja ile kanga vizuri, akairudisha, akachomoa nyingine. Ya tatu haikuchuja.

"Za namna hii nachukua ishirini," akasema, "na jana kwa jirani yako nimeambiwa 2,800."

Yule baba akamtazama, akalitazama daftari, akacheka. Wakakubaliana 2,700.

Nilidhani hesabu imeishia hapo. Usiku, kwenye meza ya shangazi, mama akaanza kujumlisha upya: nauli zetu za kwenda na kurudi, daladala, mchukuzi aliyebeba robota mpaka kituoni, pesa ya mzigo kwenye basi, hata soda niliyokunywa. Jumla yake akaigawa kwenye kila kitu alichonunua. Doti ya 2,700 ikageuka kuwa 3,400. Nikamwambia mbona Iringa zinauzwa 3,800, yaani tumehangaika kote huku kwa shilingi mia nne?

"Mia nne mara ishirini," akasema bila kuinua kichwa. Kisha akaongeza neno ambalo wakati ule halikuniingia: "Kitu kisipofika mlangoni, bei yake haijaisha."

Safari zile zilikwisha kidogo kidogo. Yule muuza kanga alimpa mama namba yake ya simu, na mama akaanza kuagiza bila kusafiri. Mwanzoni pesa ilikwenda ndani ya bahasha, mkononi mwa kondakta, na siku hiyo mama hakulala vizuri. M-Pesa ilipoingia Tanzania mwaka 2008, bahasha ikastaafu. Mama alikwenda kwa wakala aliye jirani na shule, akatuma, na kesho yake ukaja ujumbe: jina la basi, namba ya gari, namba ya kondakta. Mzigo uliteremka stendi ukiwa umeandikwa jina lake kwa kalamu nene.

Nauli tukaiokoa, na siku nne za kuhangaika tukaziokoa. Lakini mara ya kwanza tu mama alipotuma 60,000 kamili, simu ikaita. "Mwalimu, hukuweka ya kutolea." Muuzaji akienda kwa wakala kuchukua pesa yake anakatwa, na makato hayo yamwangukie nani kama si mnunuzi? Mama akalipa, akakata simu, akachukua rula. Daftari likapata safu ya nne: makato. Kabla mitandao ya simu haijaanza kupokeana pesa moja kwa moja, jambo lililokamilika kati ya 2014 na 2016, alikuwa na laini tatu ndani ya kopo la vifungo ili amtumie kila muuzaji kwa mtandao wa muuzaji huyo.

Mimi nilipoanza kazi ya uuguzi na kununua simu ya kupangusa mwaka 2015, daftari lile nililiona la kizamani. Nilikuwa na Kariakoo nzima kiganjani. Instagram ilijaa maduka ambayo mengine hayakuwa na mlango wala meza, ni picha na namba tu. Chini ya kila picha mtu anauliza bei, na kila anayeuliza anajibiwa "njoo DM, mpendwa". Jumia nayo ilikuwapo, ikiweka bei wazi kwa kila mtu, mpaka ilipofunga shughuli zake nchini Novemba 2019. Sisi wengine tukabaki na Instagram na WhatsApp, ambako bei ni siri ya watu wawili na ndiyo maana huwezi kujua jirani yako kauziwa ngapi.

Nilijiona mjanja kwa sababu nilijua kuombaomba nipunguziwe. Siku moja nikaona seti ya hotpoti, tatu kwa mpigo, 38,000. Duka la hapa mjini lilikuwa linaiuza 48,000. Nikaagiza usiku uleule, nikiwa nimeshaanza kuitumia ile 10,000 niliyookoa. Nikatuma na ya kutolea, karibu 2,000. Asubuhi yule dada akaniambia bodaboda kutoka dukani mpaka kwenye basi ni 5,000. Basi likataka 5,000. Stendi ya Iringa mpaka nyumbani, bodaboda 2,000. Nikaziweka hotpoti mezani, nikajumlisha kwa mara ya kwanza. Elfu hamsini na mbili. Nilikimbilia nafuu ya 10,000 nikarudi na hasara ya 4,000, na hotpoti moja ilikuwa imebonyea kifuniko.

Mama alikuja Jumapili, akaisifu rangi yake. Akauliza, "Mpaka hapa mezani imekula ngapi?" Nikamdanganya.

Nilichoshindwa kukiona ni kwamba gharama ilikuwa imehama. Zamani ilijificha mdomoni mwa muuzaji, na ukijua kubishana unaitoa. Siku hizi inajificha njiani, kati ya picha na mlango wako, na njia haibishaniwi. Inahesabiwa.

Somo la pili lilikuwa chungu zaidi. Mwezi Juni, baridi ya Iringa ikiwa imepamba moto, nikakuta ukurasa unauza mablanketi mazito kwa nusu ya bei ninayoijua. "Ofa leo tu, yamebaki matatu." Kulipa ni kwanza, mzigo baadaye. Nilipoingiza namba kwenye simu likatokea jina la mwanaume, wakati ukurasa ulikuwa na jina na sura ya mwanamke. Nililiona. Nikajiambia labda ni mume wake, nikaweka namba ya siri, 35,000 ikaondoka. Baada ya saa moja nikawa nimeblokiwa. Niliituma ile namba kwenda 15040, ambako mamlaka ya mawasiliano, TCRA, hupokea taarifa za matapeli, ili angalau asimlize mwingine, lakini pesa yangu haikurudi. Watu husema fulani kauziwa mbuzi kwenye gunia. Mimi hata gunia sikuliona.

Tangu siku ile wazee waliosema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, nawaelewa kwa namna nyingine. Kwenye simu kila kitu kinajitembeza, kizuri na kibaya, kwa picha ileile. Kwa hiyo nikaanza kutafuta namna ya kukirudisha kile kidole cha mama.

Nafasi ilikuja mwaka 2022, mdogo wangu alipoolewa. Tulihitaji kanga za sare, doti thelathini, na nikampata dada mmoja wa Kariakoo anayejibu haraka. Nikamwomba achukue kitambaa cheupe, akiloweshe maji, asugue pindo la ile kanga huku anarekodi video.

"Dada yangu, mteja kama wewe sijawahi kumpata," akajibu, akaweka vikatuni vya kucheka. Lakini alirekodi. Mkono wake ulionekana ukisugua mara tatu, mara nne, kisha akakigeuza kitambaa kwenye kamera. Kilikuwa rangi ya chungwa. Video ikakatikia hapo. Akakaa kimya dakika kumi nzima, nikajua nimempoteza. Kisha ukaja ujumbe: "Subiri, hizo usichukue. Nikuletee za kiwanda kingine." Video ya pili, kitambaa kilibaki cheupe. Tukachukua zote thelathini, na siku hizi video za namna hiyo anaziweka mwenyewe kwenye ukurasa wake.

Gharama za njiani nazo tulizipatia dawa, nayo ni ileile ya walimu wa 2001: kuagiza pamoja. Kazini tuko watano. Mmoja akitaka kitu, anawauliza wenzake kabla ya kulipa. Mzigo mmoja, bodaboda moja, pesa moja ya basi. Ile 10,000 ya bodaboda na basi niliyoibeba peke yangu kwenye hotpoti inakuwa 2,000 kwa kila mtu. Vitu vya China tunafanya vivyo hivyo kupitia mawakala wanaokusanya mizigo Guangzhou. Chepesi na cha haraka kinakuja kwa ndege, kwa kilo. Kikubwa kinakuja kwa meli, kwa CBM, yaani kwa nafasi kinayokula ndani ya kontena, na asiye na haraka ndiye anayelipa kidogo.

Makato nayo yalitufundisha kwa nguvu. Julai 2021 serikali ilipoweka tozo kwenye miamala ya simu, "tuma na ya kutolea" ikawa maneno mazito, maana ulikatwa ukituma na mwenzako akakatwa akitoa. Septemba mwaka uleule ikapunguzwa kwa asilimia 30, na miaka iliyofuata ikaendelea kupunguzwa, lakini mazoea niliyoyapata yalibaki. Siku hizi swali langu la kwanza kwa muuzaji ni kama ana lipa namba. Nikilipa huko siongezi ya kutolea, na jina la duka linatokea kabla sijaweka namba ya siri. Lisipolingana, nafunga simu. Sijiambii tena habari za mume.

Na kitu kikinivutia usiku, nakihifadhi tu, nalala. Asubuhi nyingi nakuta sikihitaji. Kinachobaki nakitafuta kwa wauzaji wengine watatu, nikiandika. Ndiyo, nina daftari, la visanduku, na safu zake zimefika sita: kitu, muuzaji, bei, makato, njia, na ya mwisho ambayo rula yake niliazima kwa mama, mpaka mlangoni.

Mama amestaafu, naye ana simu ya kupangusa. Mwezi uliopita alinitumia picha ya redio aliyoiona mtandaoni, 55,000. Kabla sijamwandikia lolote akapiga.

"Usinifundishe, nimeshauliza," akasema. "Mpaka mlangoni kwangu 67,000. Pale karibu na soko kuu ipo ileile kwa 65,000, na wananiwashia niisikilize kwanza."

Akainunua pale sokoni. Nikaona ni siku nzuri ya kumwambia ukweli wa zile hotpoti, miaka yote hiyo ikiwa imepita. Akacheka mpaka akakohoa. "Nilijua," akasema. "Uliposema bei, hukutaja basi."

Basi na wewe, ukikutana na bei tamu kwenye simu, usianze kuuliza kama inapungua. Uliza mpaka mlangoni kwako ni shilingi ngapi, andika jibu, ulale. Kununua ni kesho.