Anayehama Aache Alama

Tulipopanga upya tovuti ya chama chetu cha Kiswahili hapa Arua, swali lililotusumbua halikuwa la sarufi bali la anwani. Tovuti hiyo ina msamiati, mazoezi na maelezo ya ngeli. Walimu wa Koboko walikuwa wameshaandika anwani zake ubaoni, na wanafunzi wakazinakili daftarini ili wazifungue nyumbani kwa simu ya mzazi. Jina la tovuti lilibaki lilelile, lakini ukurasa wa ngeli uliokuwa chini ya "masomo" ulihamia chini ya "sarufi". Mwenye daftari angenunua data, aandike anwani kwa uangalifu, kisha aambiwe ukurasa haupo.

Kuna njia mbili za kumsaidia. Ya kwanza ni kumwelekeza. Seva hukijibu kivinjari chake kwa namba 301, yaani "ukurasa umehama moja kwa moja, nenda kule", au 302, yaani "umehama kwa muda tu". Kivinjari huweza kuikumbuka 301 na safari ijayo kikaenda kwenye anwani mpya bila kuuliza. 302 kwa kawaida huulizwa tena kila mara. Njia ya pili ni kuandika upya anwani: ombi hubadilishwa ndani kwa ndani, msomaji hupata ukurasa wake, na kwenye skrini yake huendelea kuona anwani ileile ya zamani.

Lakini kazi hiyo ifanyike wapi? Kompyuta yenye kurasa zetu iko Ulaya. Ombi la Koboko husafiri hadi pwani, likaingia kwenye nyaya za chini ya bahari, na jibu hurudi kwa njia ndefu vilevile. Kumwelekeza mtu kutoka kule ni kumvusha bahari mara mbili: kwanza aambiwe ukurasa umehama, kisha aufuate. Ndiyo maana tulitumia funksheni ya pembezoni mwa mtandao. Cloudflare, kwa mfano, ilitangaza huduma yake ya Workers mwaka 2017. Unaandika mistari michache, nayo inawekwa kwenye seva zilizo karibu na wasomaji, hata Nairobi au Mombasa. Hukodi seva wala huilindi. Ombi likifika funksheni huamka, hutazama orodha ya anwani za kale na mpya, hujibu, basi.

Orodha hiyo inataka uangalifu. Ikisema A iende B, na B irudi A, msomaji atazungushwa. Chrome huvumilia kuelekezwa mara 20, kisha hukata tamaa. Jambo hili lilinikumbusha mama yangu mdogo. Koboko ilikuwa kaunti ya Wilaya ya Arua mpaka mwaka 2005 ilipofanywa wilaya. Cheti chake cha ubatizo ni cha kabla ya hapo, kwa hiyo kinasema Arua, ingawa kijiji chake kimo Koboko. Alipotakiwa kuthibitisha mahali alipozaliwa, ofisi moja ya Arua ilimwambia aende Koboko, na ofisi ya Koboko ikamwambia arudi Arua. Ni zaidi ya kilomita 50 kila upande. Yeye alikata tamaa safari ya tatu, na nauli zote zilitoka mfukoni mwake.

Mwaka 1998 Tim Berners-Lee, mvumbuzi wa wavuti, alishauri kwamba anwani nzuri ni ile isiyobadilika. Ushauri ni mzuri, lakini kwetu West Nile mipaka na majina hubadilika. Arua yenyewe imekuwa jiji mwaka 2020. Sipingi kuhama. Wilaya mpya husogeza huduma karibu na watu, na tovuti iliyopangwa vizuri husomeka kwa urahisi. Ninachouliza ni nani alipe gharama. Anayehama anajua alikotoka na anakokwenda. Anayemfuata ana daftari tu.

Wanafunzi wenzangu mtakaopokea tovuti hii mwakani, mtaikuta orodha ya anwani za kale na mtaiona kama takataka, kwa kuwa hakuna ukurasa mpya unaoitumia. Msiifute. Haikuwekwa kwa ajili yetu tulio ndani, bali kwa ajili ya mtoto wa Koboko mwenye daftari la kaka yake.