Kilo Moja Kidoleni

Katika Kiswahili cha kwetu Bukavu silaha zina majina mengi na kazi moja. Tunasema bunduki, bastola, masasi, kalash, FAL, na karibu kila mara kitenzi kinachofuata ni kilekile: kupiga. Baada ya kupiga, sarufi yetu inadai mtu. Amepigwa nani? Kitenzi cha kulenga tunacho, ila tumewaachia watoto wanaotupia maembe mawe. Tangu mwaka wa kwanza katika fakalte nimesoma kwamba maana ya neno hutokana na matumizi yake. Sikujua kwamba siku moja nyumba nzima ingesubiri nichague kati ya vitenzi viwili.

Mwaka 2023 nilikaa miezi mitatu Liège, Ubelgiji, kwa mafunzo ya tafsiri. Nilipokewa na mama mdogo, aliyeondoka Bukavu baada ya mapigano ya Juni 2004. Binti yake, ambaye kwa desturi yetu ni dada yangu, alizaliwa huko. Alikuwa na mwaka wa pili katika klabu ya kulenga shabaha na alikuwa akiazima bastola za klabu. Sasa alitaka yake.

Ubelgiji bastola hainunuliwi kama simu. Sheria ya tarehe 8 Juni 2006 inamtaka mwombaji aonyeshe sababu halali, na mchezo wa kulenga ni mojawapo. Alete pia cheti cha daktari, na ajaribiwe kuhusu sheria na namna ya kushika silaha. Kuna sharti jingine ambalo mimi nililiona la busara: mtu mzima anayeishi naye nyumba moja asiwe anapinga. Mama mdogo alikuwa anapinga. Alisema, «Siwezi kukubali kitu kama hicho kabla mama yangu hajakisikia.» Mama yake ni Koko wetu, aliyeuza unga soko la Kadutu kwa miaka mingi. Koko hajui Kifaransa, na Kiswahili cha dada kinaishia kwenye salamu. Kazi ya kueleza ikawa yangu.

Ndugu msomaji, mfasiri hawezi kueleza kitu asichokielewa. Kwa hiyo nilimfuata dada klabuni na dukani, ingawa tumbo lilikuwa likinikaza. Mwaka 2004 nilikuwa na miaka mitano, na ninachokumbuka ni sakafu ya chini ya kitanda.

Liège ni mji wa zamani wa wahunzi wa bunduki. Kituo chake cha kujaribu mitutu kilianzishwa mwaka 1672. Herstal, palipo kiwanda cha FN kilichoanza mwaka 1889, ni jirani tu. FAL zilizobebwa na askari wa nchi yetu zilibuniwa huko. Mama mdogo alipoikodolea macho ile bahasha ya maombi, hakuwa na woga wa bure. Alikuwa anaijua njia iliyotoka mji ule hadi mlangoni kwao.

Lakini bastola aliyoitafuta dada ni ya ukoo mwingine. Mchezo wake ni bastola ya mita 25 kwa wanawake, uliomo katika Olimpiki tangu 1984. Mlengaji husimama na kunyoosha mkono mmoja tu. Risasi ni ndogo, ya milimita 5.6. Anafyatua mara 60. Thelathini za kwanza ni za utulivu: tano tano, kila tano kwa dakika 5, na duara la alama kumi lina upana wa milimita 50. Thelathini za pili ni za haraka: mkono unaanzia chini, shabaha inajitokeza kwa sekunde 3, anafyatua moja, kisha inafichika sekunde 7. Ndiyo sababu bastola inapaswa kujijaza yenyewe: baada ya kila mlio inatupa ganda na kuingiza risasi nyingine, ila kidole lazima kivute upya kila mara.

Kanuni zinaibana pande zote. Isizidi gramu 1400. Iingie katika kisanduku cha milimita 300 kwa 150 kwa 50. Mtutu usipite milimita 153. Vilengeo viwe vya chuma tu, bila kioo cha kukuza. Na ile sehemu ya kuvutia kwa kidole, ambayo wafaransa huiita détente na sisi tunaweza kuiita kifyatulio, isikubali kulegea chini ya gramu 1000. Kabla ya mashindano mwamuzi huelekeza mtutu juu, hutundika kipande cha chuma cha kilo moja kwenye kifyatulio, kisha huinua bastola. Kifyatulio kikilegea kabla uzito haujaondoka chini, bastola hiyo inakataliwa.

Mezani zilikuwepo tatu. Ya kwanza ilikuwa Browning Buck Mark, ya bei nafuu kuliko nyingine, ambayo shargeri yake huingia ndani ya kishikio kama bastola nyingi. Ya pili ilikuwa Walther GSP ya Ujerumani, iliyokwishatumika, na shargeri yake iko mbele ya kifyatulio, hivyo uzito unavuta mbele na mtutu hautikisiki ovyo. Ya tatu ilikuwa Pardini SP ya Italia, nayo pia ya mkono wa pili. Mtutu wake umekaa chini sana, karibu na kiganja, na kwa hiyo bastola hairuki sana juu baada ya mlio. Katika zile sekunde 3 jambo hilo lina faida.

Mzee wa klabu alimwambia dada asianze na jina wala bei, aanze na mkono. Jaribio lake ni rahisi. Unashika bastola tupu, unafumba macho, unanyoosha mkono, kisha unafumbua. Kilengeo cha mbele kikiwa kimesimama katikati ya mwanya wa kile cha nyuma, kishikio ni chako. Kikiwa kimeegemea pembeni, kila risasi utaipiga ukipigana na kifundo cha mkono wako. Mkono wa dada ni mdogo. Ya kwanza iliegemea kushoto, ya pili ilimlemea baada ya dakika moja. Ya tatu ilikuwa na kishikio kidogo cha mbao ya mjozi, na vilengeo vilikaa sawa mara tatu mfululizo. Panapobana, mzee alieleza, pasawazishwe kwa tupa. Palipo na nafasi, pajazwe kwa uji wa mbao. Kisha zinunuliwe risasi za aina mbalimbali, kasha moja moja, zijaribiwe kwa mita 25, kwa sababu kila mtutu una aina unayoipenda.

Jioni ile nilimpigia Koko simu, mama mdogo ameketi kando yangu. Swali lake la kwanza lilikuwa lile nililolitegemea.

«Atampiga nani?»

«Hapigi mtu, Koko. Analenga karatasi.»

Akanyamaza. Nikamweleza karatasi, duara, sekunde. Nikamweleza kilo moja inayotundikwa. Hapo akanikatiza.

«Kilo ya kweli, ama kilo ya Kadutu?»

Mama mdogo alicheka bila kutaka. Nikajibu, «Ya kweli, Koko. Mwamuzi anaipima mbele ya watu wote.»

«Na ikiisha kazi, inalala wapi?»

«Katika kabati la chuma lenye kufuli, bila risasi ndani. Na uwanjani, mtu akiiweka mezani anapitisha uzi wa rangi ya machungwa ndani ya mtutu, ili kila mmoja aone kwamba ni tupu.»

Koko alikaa kimya muda mrefu, hata nikadhani mtandao umekatika. Kisha akasema, «Zile zilizokuja kwangu hakuna aliyezipima. Mwambie mama yako mdogo, mimi sisemi ndiyo wala hapana. Nyumba ni yake. Lakini nimesikia, na nimeelewa.»

Mama mdogo hakuniuliza maana ya maneno hayo, maana aliyasikia mwenyewe. Siku ya tatu alimwita dada, akamwambia kwamba hatapinga. Alitoa masharti mawili: kabati lisikae katika chumba cha kulala, na mashindano ya kwanza aalikwe aone. Dada alichukua ile ya tatu.

Mimi nilirudi Bukavu bila kufyatua hata risasi moja, ingawa nilialikwa mara kadhaa. Sikuona sababu ya kujilazimisha. Kuelewa kitu si lazima kukipenda, na mfasiri halazimiki kuhama nyumba kila anapofasiri.

Nilichobeba ni orodha ya maneno katika daftari: kilengeo, kifyatulio, kishikio, ganda, mwamuzi, kulenga. Sidai kwamba maneno hayo yataponya lolote hapa kwetu, ambapo silaha bado zinapita bila kupimwa na mtu. Ila niliona simu moja ikigeuka kwa sababu kitenzi kilibadilika, na kwa sababu mwanamke aliyeuza unga aliijua kilo kuliko sisi sote. Wenzangu wa fakalte, tunapotunga istilahi tukumbuke kwamba kuna koko fulani atakayezisikia kwa simu. Naye atauliza kwanza kama kilo ni ya kweli.